Kusoma kwa Moyo na Kusoma kwa Kitabu

Mara nyingi tumesikia Wakristo wakiwacheka watoto wa chuoni, wakisema, "Husoma kama kasuku, hawajui maana ya neno hata moja." Sisi waalimu nasi tumesema hivyo. Lakini mtu akiziangalia habari za pwani yetu tangu zamani, atanyamaza kidogo kwanza.

Kabla misioni hazijafika, vyuo vilikuwapo Lamu, Mombasa na Unguja. Mtoto huketi chini mbele ya mwalimu na ubao wake. Hujifunza herufi, kisha irabu, kisha sura fupi za mwisho wa Korani kwa kuwa ndizo nyepesi, akaendelea hivyo hata azimalize juzuu zote 30. Siku ya kuhitimu wazazi hufanya karamu. Maana haifundishwi mwanzoni, wala si kwa uvivu. Kwa Mwislamu, Korani ni maneno ya Mungu yenyewe kwa Kiarabu, hata matamshi yake hayana budi kulindwa, maana irabu moja ikikosewa neno huweza kugeuka.

Tafsiri huja baadaye, katika darsa za msikitini, na hasa mwezi wa Ramadhani: sheikh husoma aya, kisha huieleza kwa Kiswahili. Zamani watu wa hali ya chini walikuwa hawafiki huko. Habib Saleh wa Lamu alipoanza kuwafundisha hao, baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa. Naye aliendelea, na msikiti wake wa Riyadha ukawa mahali pa elimu hata alipofariki.

Misioni zilishika njia nyingine. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza mapema kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Askofu Steere alifanya kazi hiyo Unguja. Alikufa mwaka 1882, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Kwetu Wakristo Neno ni Neno kwa lugha yo yote, basi mtoto wetu huanza na maana siku ile ile aanzapo kusoma.

Lakini tazama, msomaji, maneno aliyoyakuta Steere: imani, dhambi, sala, toba, rehema, nabii, malaika. Yote yametujia kwa Kiarabu, nayo yalikwisha kuzoeleka vinywani mwa watu kwa kazi ya chuo na msikiti. Hao tuwaitao kasuku ndio waliotuwekea akiba.

Nao Waislamu walisukumwa na kazi yetu. Padre Dale wa misioni ya Unguja alitoa Korani kwa Kiswahili mwaka 1923, wala Waislamu hawakuipenda. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri yake, akafa mwaka 1947 hajaimaliza. Waahmadiya walitoa yao mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja akaipinga vikali, na mwaka 1969 yake ikatoka nzima, Kiarabu pamoja na Kiswahili, kwa kuwa kwao tafsiri ni maelezo tu, si Korani.

Mwaka mmoja tuliwaambia vijana wetu wakubwa wafunge vitabu, waseme Zaburi ya 23. Walikuwa wameisoma mara nyingi, na kuieleza waliieleza vizuri sana. Watatu tu waliifikisha mwisho. Jioni ile tulipita penye chuo, tukamsikia mtoto mdogo akisoma Yasini pasipo kitabu, na mzee kipofu akimsahihisha. Tulimwuliza mzee maana ya aya zile. Akatueleza polepole, aya kwa aya, kisha akauliza, "Na kwenu, mwalimu, mtu akipofuka husoma nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tangu hapo kila Ijumaa wanafunzi wetu husema fungu moja vitabu vikiwa vimefungwa. Baadhi yao hunung'unika.