Shangazi, kamera na mbio za zumu

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mniwie radhi. Kazi za chumba cha habari mnazijua. Aliyenirudisha kwenye kibodi leo ni shangazi.

Zamu yake ya upatu imefika na anataka kununua kamera. Si simu, kamera. Mwezi ujao anampeleka bibi Mikumi. Bibi ana miaka themanini na ushei na hajawahi kumwona tembo kwa macho yake. Safari ikiisha, kamera itakuwa ya ukoo mzima: harusi, ubarikio, mahafali. Fedha ni hizo hizo, akikosea hakuna nyingine.

"Mwanangu, wewe mwandishi, vitu hivi unavijua. Muuza duka ananiambia nichukue yenye 60x, eti ndiyo inayovuta mbali. Niichukue?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Nikaanza kufukua historia ya hiyo x, na niliyoyakuta nimeona niyaweke hapa, maana najua si shangazi peke yake anayeulizwa swali hili dukani.

Tuanzie mwanzo. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na injinia wa Kodak, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilihifadhi picha kwenye kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa. Lenzi ya zumu kwa kamera za picha za mnato ilikuwa imekwisha kuwepo tangu 1959, Zoomar ya Voigtländer, ila ndoa ya vitu hivi viwili ilichelewa. Mwaka 1997 Sony walitoa Mavica FD7. Hii ilivuta 10x na kuhifadhi picha kwenye disketi, zile za 1.44 MB tulizokuwa tunazipuliza vumbi. Picha yenyewe ilikuwa na upana wa pikseli 640 na urefu wa 480. Mwaka 2000 Olympus wakaja na C-2100 Ultra Zoom, 10x, yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Kifaa hicho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukivuta mbali, mkono ukitetemeka kidogo tu picha nzima inafifia.

Halafu ukaja mwaka 2002. Panasonic wakatoa Lumix FZ1. Megapikseli 2 tu, ila lenzi yake, yenye jina la Leica, ilivuta 12x. Kwa kipimo cha kamera za filamu ya 35 ilianzia milimita 35 ikafika 420. Na tundu lake la mwanga lilibaki f/2.8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa wasiozoea lugha hii: namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Lenzi nyingi ukizivuta tundu linabana. Hii haikubana.

Waliwezaje? Hapa ndipo siri ya kamera hizi zote ilipo. Lenzi halisi ya milimita 420 yenye f/2.8 ingehitaji mdomo wa sentimita 15. Hilo ni sufuria, huwezi kutembea nalo mfukoni. Lakini lenzi ya FZ1 ilikuwa na milimita 55 tu za kweli. Ilionekana kama 420 kwa sababu kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kilikuwa kidogo mno, hakifikii ukucha wa kidole cha mwisho. Kibamba kidogo kinachukua kipande kidogo cha picha, kwa hiyo kitu cha mbali kinajaza fremu. Mdomo wa lenzi ukatosha sentimita 2.

Kwa hiyo kuvuta mbali kwa kamera ndogo ni mkopo. Unakopa umbali, unalipa kwa mwanga, kwa sababu kibamba kidogo hukusanya mwanga kidogo. Juani deni halionekani. Likiingia giza, picha inajaa chenga.

Baada ya hapo mbio zikaanza. Canon wakaingia mwaka 2004 na S1 IS ya 10x. Mwaka 2007 Olympus wakatoa SP-550 ya 18x, na 2008 Canon wakafika 20x na SX10. Mwaka 2010 SX30 ikafika 35x. Mwaka 2012 SX50 ikafika 50x. Mwaka 2015 Nikon wakaleta P900 ya 83x, na YouTube ikajaa video za watu wanaovuta mwezi mpaka mashimo yake yanahesabika. Mwaka 2018 wakamalizia na P1000, 125x, milimita 3000, uzito wa kilo 1.4 hivi.

Sasa shika kalamu, maana x yenyewe ni hesabu ya kugawanya tu. Unachukua milimita za mwisho, unagawa kwa za mwanzo. FZ1 ni 420 kugawa kwa 35, unapata 12. SX10 ni 560 kugawa kwa 28, unapata 20. Umeona? Kutoka 12x hadi 20x utadhani umbali umekaribia kuongezeka maradufu, kumbe ni kutoka 420 hadi 560. Sehemu nyingine ya ongezeko ilikwenda upande wa pili, wa upana. Na upana huo una faida yake, wala siubezi. Ukiwa na lenzi inayoanzia 35 kwenye sebule zetu hizi, kupiga watu kumi na wawili pamoja unarudi nyuma mpaka unajikuta kibarazani. Ikianzia 24 wanaenea wote, hadi yule binamu anayependa kusimama pembeni. Tangazo la dukani halikuambii x imeongezeka upande gani.

Wala halikuambii tundu limefanywa nini. FZ1 ya 2002 ilikuwa f/2.8 hata ikivuta mwisho. SX50 ya 2012 ikivuta mwisho ni f/6.5. P1000 ni f/8, na hapo mwanga unaoingia ni kama sehemu moja ya nane ya ule wa f/2.8. Saa sita mchana Mikumi haidhuru. Lakini simba na tembo unawakuta vizuri alfajiri na jioni, na bibi harusi unampiga ukumbini usiku ukiwa meza ya nyuma. Hapo ndipo unapohitaji kuvuta, na ndipo tundu linapobana.

Wanunuzi waliangalia namba ya x kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Wakati huo huo simu zilikuwa zinakuja. Mwaka 2010 kamera za dijitali zipatazo milioni 121 zilisafirishwa kutoka viwandani kwenda madukani duniani. Mwaka 2020 hazikufika hata milioni 9. Kodak, aliyekuwa na dijitali mkononi tangu 1975, aliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2012. Mwaka 2019 hata zumu nayo ikaanza kuondoka: Huawei P30 Pro iliweka lenzi iliyolazwa ubavuni ndani ya simu, ikavuta 5x.

Lakini katikati ya msiba huo kuna jambo lililonifurahisha. Mwaka 2013 Sony walitoa RX10, na 2014 Panasonic wakafuata na FZ1000. Waliacha kukimbizana na x. Wakaweka kibamba kikubwa zaidi, eneo lake mara nne ya kile cha P900. FZ1000 inaanzia milimita 25 na kuishia 400, na tundu ikivutwa mwisho ni f/4. Ni 16x tu. Yaani kampuni ile ile iliyoanza na 420 mwaka 2002, baada ya miaka 12 ya mbio, ilirudi pale pale kwenye 400, safari hii na kioo kikubwa na mwanga wa kutosha.

Basi nikampa shangazi jibu: tafuta FZ1000 iliyotumika, ikaguliwe kioo kama hakina ukungu na lenzi kama inatoka bila kukwama. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ndege wa mbali sitampata?"

Nikamwambia hapana, ndege wa mbali sana hatampata. Kama shida yake ni ndege, achukue ile ya 60x na apige mchana. Nikamuuliza, katika picha zote atakazorudi nazo, ipi ikiharibika atalia?

"Ya mama akiwa amemwona tembo."

Picha hiyo itapigwa ndani ya gari, bibi yuko mita moja kutoka kwenye lenzi, amekaa kivulini chini ya paa na nje jua linawaka. Haihitaji hata 2x. Inahitaji kibamba kinachoweza kuona uso wake kwenye kivuli kile.

Jumamosi tunakwenda kuitafuta pamoja. Nitawaletea habari.