Mashujaa Wasiobeba Bunduki



Katika mikutano ya miezi hii swali moja linarudi kila mara: nani aandikwe kwenye daftari la kumbukumbu la shirika letu? Vijana waliotoka porini wanasema wao ndio walipigana, basi majina yao yatangulie. Wamama wanajibu kwamba hapa Kindu kila aliyeshika bunduki alikula kuku wa mtu, na kuku hao hawajalipwa mpaka leo. Tulicheka, lakini wamama hawakuwa wanacheka. Sisi tunaoshughulika na kazi ya kuandika tuliombwa tutafute historia inasema nini juu ya ushujaa wa vitani. Tumeanza mbali kidogo, kwenye vita ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Tabora.

Aliyesoma historia shuleni anakumbuka: tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lile Force Publique, liliingia Tabora na kuwatoa Wadachi. Kamanda wake, Jenerali Charles Tombeur, alipewa baadaye cheo cha ubaroni, na jina la mji likabandikwa kwenye jina lake: Tombeur de Tabora. Huyo ndiye shujaa wa vitabu.

Sasa tujiulize swali la watu wa usafirishaji, maana Kindu ni mji wa usafirishaji tangu kuzaliwa kwake. Risasi zilifikaje kule? Zilipanda mto mpaka Kisangani, zikapita kwa gari la moshi mpaka Ubundu, zikaingia kwenye masua mpaka hapa Kindu. Hapa zikapakiwa tena kwenye reli ya kwenda Kongolo, iliyokuwa imeanza kazi miaka michache tu kabla ya vita. Kutoka Kongolo masua tena mpaka Kabalo, kiisha reli ya Kabalo-Kalemie iliyomalizika mwaka 1915, vita vikiwa vimekwisha anza. Mchele wa kulisha askari ulilimwa katika mashamba ya Maniema yetu hii. Kwa hiyo hata ambaye hakutoka kijijini kwake alikuwa ndani ya vita, alitaka ao hakutaka.

Mbele ya ziwa, reli na masua vikaisha. Ng'ombe, farasi na punda hawakufaa, kwa sababu mbung'o waliwamaliza. Ikabaki shingo ya mtu. Wapagazi waliotumiwa na upande wa Wabelgiji katika vita hivyo vyote wanahesabiwa kuwa karibu 260,000. Askari wenyewe walikuwa wachache sana ukilinganisha na hesabu hiyo.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanadhani kupagaza ni kutembea tu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Mpagazi anakula, tuseme, kilo moja ya chakula kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, amemaliza karibu mzigo wote kwa tumbo lake mwenyewe, na askari aliye mbele hajapata kitu. Ndiyo maana wakubwa walipunguza chakula cha wapagazi kila hesabu ilipowakataa. Mtu wa msitu wa joto alipandishwa milima ya Kivu na Rwanda bila blanketi la kutosha. Alipewa unga ambao tumbo lake halikuuzoea, tena mara nyingi bila muda wa kuupika mpaka uive. Kuhara damu na ugonjwa wa mapafu viliua kuliko risasi, na wapagazi waliokufa ni wengi kuwapita kwa mbali askari waliokufa. Askari aliyeanguka alikuwa na namba. Mpagazi mara nyingi hakuwa hata na hiyo.

Kwa upande wa Waingereza hali ilikuwa ile ile, kwa ukubwa zaidi: walichukua wapagazi karibu milioni moja, na waliokufa walioandikwa ni zaidi ya 90,000. Wale walioko Dar es Salaam ao Nairobi wanapita kila siku mahali panapoitwa Kariakoo na Kariokor bila kufikiri kwamba ni jina la kikosi cha wabeba mizigo. Nairobi angalau ina sanamu ya mwaka 1928, na kati ya watu watatu wanaosimama pale mmoja ni mpagazi.

Tulipoeleza haya kikaoni, mzee mmoja alinyanyua mkono na kutupa jiwe zito: «Wale walilazimishwa. Walifungwa kamba. Mtu aliyelazimishwa ni shujaa namna gani? Ni mtumwa.» Na ni kweli walilazimishwa. Chifu aliambiwa toa watu, akatoa watu, na wengi walikimbilia msituni. Hatuwalaumu hata kidogo waliokimbia. Pengine sisi tuliopo leo ni wajukuu wao.

Lakini tukalizungusha jiwe la mzee. Askari wa Force Publique naye, wengi wao hawakujipeleka wenyewe. Mbona huyo tunampa medali bila kumwuliza? Na kuna jambo lingine. Anayelazimishwa kwenda bado anabaki na mambo madogo ya kuamua njiani. Askari akijeruhiwa, wapagazi ndio waliombeba kwenye machela kurudi nyuma, siku nyingi, kwenye matope. Kumtupa chini lilikuwa jambo rahisi. Usiku, mbali na macho ya mkubwa, nani angejua? Kila majeruhi aliyefika hospitali akiwa hai alifika kwa sababu watu wanne waliochoka kuliko yeye hawakumwacha. Kwa maoni yetu ushujaa wa vitani unaanzia hapo, na bunduki haikuhitajika.

Kuna mtu aliyeyaona haya mapema. Paul Panda Farnana alikuwa Mkongomani aliyesoma kilimo Ubelgiji. Mwezi wa Agosti 1914 alijitolea kupigana, akatekwa na Wadachi kule Namur, akakaa mfungwa Ujerumani mpaka vita viishe. Mwaka 1919 alianzisha Brussels chama kilichoitwa Union Congolaise. Wanachama wake wengi walikuwa Wakongomani waliopigana, wasio na kazi wala ndugu karibu. Kilikuwa chama cha kusaidiana, wapendwa, kama hiki chetu. Panda hakuishia kwenye kusaidiana: alidai pia Wakongomani waliokufa kwa ajili ya Ubelgiji waheshimiwe hadharani. Wakubwa wa koloni walimwona mtu wa fujo. Alifariki mwaka 1930, Matadi. Tunafurahi kuwakumbusha wafadhili wetu kwamba mutualité ya Wakongomani waliotoka vitani si wazo lililoletwa na mradi wowote wa juzi.

Vita vya pili tuvipite haraka. Watu husifu Saio, kule Ethiopia, ambako Waitalia walijisalimisha mwezi wa Julai 1941 mbele ya jeshi la Kongo. Ni wachache wanaojua kwamba hospitali ya kivita ya Kongo, yenye waganga Wabelgiji na wauguzi na wabeba machela Wakongomani, ilifika mpaka Burma ikiwatibu askari wa Afrika Mashariki. Walivuka bahari ili kuokota majeruhi, basi.

Sasa tuingie penye kidonda chetu wenyewe. Tarehe 11 Novemba, huko Ulaya, ni siku ya kukumbuka mwisho wa vita vya kwanza. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 zilitua hapa Kindu. Waliokuwa ndani ni wanajeshi wa anga 13 wa Italia, watu wa kikosi cha Pisa, waliotumika chini ya Umoja wa Mataifa. Kazi yao ilikuwa kuwaletea vitu askari wa Malaya waliolinda amani hapa. Kwa neno letu la leo: wapagazi wa angani. Walikamatwa na askari wa Kongo, waliodhani ni Wabelgiji ao mamluki wa Katanga, na wote 13 waliuawa. Walizikwa Tokolote, jina ambalo kila mtu wa Kindu analijua. Miili ilipatikana mwanzoni mwa mwaka 1962 na kurudishwa Pisa, ambako kuna jengo la kumbukumbu yao karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 1994 Italia iliwapa medali ya dhahabu ya ushujaa. Kwa Waitalia wengi wa umri mkubwa, neno Kindu maana yake ni siku ile.

Hatulitaji hili ili kuwaaibisha watu wa hapa. Mwaka ule ule, mwezi wa Januari, Lumumba alikuwa ameuawa Katanga. Hasira ilikuwa na sababu zake na woga pia. Lakini tunawaomba vijana wetu wafikiri kidogo. Askari waliofanya kitendo kile, tunaamini, siku ile walijiona wanatetea nchi. Walikuwa na bunduki, walikuwa na uvumi, na walikuwa wengi dhidi ya watu wasioweza kujitetea. Hayo matatu yakikutana, mtu anaweza kutenda ubaya mkubwa na bado arudi nyumbani akijiita shujaa. Wengi wetu tumeyaona tena yakikutana, miaka ya karibu zaidi.

Maana kiisha yakaja ya kwetu. Mwezi wa Oktoba 1998 waasi wa RCD waliingia Kindu. Mai-Mai wakashika misitu kuuzunguka mji, na kati ya pande hizo mbili raia wakabanwa. Gari la moshi lilikatika kwa miaka. Kwenda shambani kuchuma sombe kulikuwa kucheza na kifo, na kwa wamama kulikuwa na hatari nyingine ambayo hatuhitaji kuitaja jina. Walikwenda hivyo hivyo, maana watoto walikuwa na njaa. Kulikuwa na wababa waliosukuma kinga zenye chumvi na sabuni kwenye njia za msitu, siku nyingi. Kulikuwa na wauguzi waliobaki kituoni bila mshahara wala dawa. Na kulikuwa na wale waliowabeba wazee wao kwenye kipoyi mpaka ng'ambo ya mto, kama wapagazi wa mwaka 1916, ila mara hii mzigo ulikuwa baba.

Basi je, vijana waliopigana wafutwe kabisa? Sisi hatusemi hivyo. Mmoja wao, sasa mwanachama mwenye kulipa mchango wake vizuri, alieleza kwamba usiku mmoja kundi lake lilipewa amri ya kuchoma kijiji. Alitangulia peke yake akawaamsha watu. Kesho yake alipigwa na wenzake mpaka sikio moja likafa. Hakutaka kulisema kikaoni. Mama mmoja aliyetoka kijiji kile ndiye aliyelisema, naye akabaki anatazama chini. Pale wamama wa kuku walinyamaza.

Kwa hiyo kamati imekubali pendekezo letu, baada ya ubishi usio mdogo. Kwenye daftari hatutauliza mtu alikuwa kundi gani, cheo gani, wala aliua wangapi. Kuna safu tatu tu: alimbeba nani, alimlisha nani, alimficha nani. Anayeleta jina asiwe mwenye jina lenyewe. Aje yule aliyebebwa, ao mtoto wake. Vijana wawili walikasirika wakatoka nje. Mmoja amekwisha rudi.

Daftari liko kwa mwandishi wa shirika, kila Jumatano na Jumamosi asubuhi. Wanachama wa Alunguli wasijisumbue kuvuka, tutakuja sisi. Ukurasa wa kwanza tumeuacha mtupu kwa wapagazi wa vita vya Tabora. Yeyote ambaye katika ukoo wake kuna babu aliyepelekwa kule asirudi, atuletee jina lake, hata kama limebaki nusu.