Karipio la Antiokia na Nyaraka za Agostino

Husemwa aghalabu katika mimbari zetu kwamba yampasa Mkristo kuutia upendo na ukweli katika mizani, akipunguza huku na kuongeza kule hata vitanga vilingane. Mfano huo, ijapokuwa umezoeleka, hutupoteza, kwani hudhania kwamba kila azidishaye ukweli hana budi amepunguza mahaba.

Paulo, katika waraka wake kwa Wagalatia, asimulia jinsi alivyomkabili Petro huko Antiokia mbele ya watu wote, kwa sababu Petro, aliyekuwa akila pamoja na waumini wasio Wayahudi, alijitenga nao mara walipowasili watu kutoka kwa Yakobo, hata Barnaba naye akavutwa na unafiki huo. Yeronimo, akiifasiri habari hii huko Bethlehemu takriban mwaka 386, aliwaonea haya mitume wale wawili, akaifuata rai ya Origeni kwamba ugomvi ule ulikuwa wa kujifanya tu, kila mmoja akiijua nia ya mwenziwe, kwa maslahi ya amani. Ni fasiri yenye adabu nyingi, na mzee yeyote wa Pwani aliyelelewa katika kusitiriana angeipenda upesi.

Agostino, angali kasisi huko Hippo, Afrika ya Kaskazini, hakuipenda. Alimwandikia Yeronimo kwamba tukiukubali hata uongo mmoja wa huruma ndani ya Maandiko, basi kila aya imchomayo msomaji itakwepwa kwa udhuru uo huo. Hoja ilikuwa thabiti. Njia yake ndiyo iliyoharibika. Mchukuzi wa waraka ule alifanywa askofu kabla hajasafiri, kisha akafariki; na waraka wa pili, wa takriban mwaka 397, ulisomwa na watu Italia kabla ya kumfikia mwenyewe, hata Yeronimo akashuku kwamba mtu aliye mdogo kwake atafuta sifa kwa kumwaibisha mzee. Agostino alimwomba radhi kwa maumivu aliyomtia, lakini hoja hakuiondoa, bali mwaka 405 aliieleza tena kwa urefu.

Hapo ndipo naona upendo ulipodai haki yake: haukumtaka Agostino apunguze neno, ulimtaka achunge nani alisikie kwanza. Kosa la Petro liliwaondoa watu mezani hadharani, na hadharani ikapasa liondolewe. Rai ya Yeronimo, ingawa ilikuwa kitabuni, haikumnyima mtu chakula wala heshima, ikastahili faragha kwanza.

Wala Agostino hakuwa na moyo wa jiwe. Katika kitabu chake cha kuupinga uongo, cha takriban mwaka 420, alimtaja mgonjwa mahututi aulizaye hali ya mwanawe ambaye amekwisha kufa, akakiri kwamba mfano huo wamtikisa. Nasi twaujua sana, kwa kuwa ni desturi katika nyumba zetu kumficha mgonjwa msiba. Kukawia, kunyamaza, kumngoja ndugu atakayeweza kuketi naye usiku kucha, yote hayo ni mapenzi. Bali kumwambia kwamba mtoto hajambo ni kumwacha, siku atakapopona, katikati ya jamaa asioweza tena kuwasadiki. Firmo, askofu wa Thagaste, alipodaiwa na maofisa wa Kaisari amtoe mtu aliyemficha, alijibu kwamba hatasema uongo wala hatamsaliti, akayavumilia mateso mpaka Kaisari mwenyewe akamsamehe mtu yule. Wanaosema kwamba hakuna njia ila kudanganya au kuumiza na wamkumbuke.

Ama Yeronimo, alipoandika dhidi ya Wapelagio takriban mwaka 415, alimtaja Petro kuwa mtu aliyekosa kweli na kukaripiwa kweli.