Pareto katika Nyanda za Juu za Afrika Mashariki

Pareto ni mmea wa maua meupe yenye kitovu cha manjano, ambao asili yake ni pwani ya Dalmatia katika Kroatia ya leo, na ambao uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ukastawi Molo, Njoro na baadaye Kisii, kwa kuwa hauchanui vyema pasipo baridi. Sumu yake, iitwayo pairethrini, hujikusanya zaidi katika vijitunda vidogo vilivyobanana ndani ya kitovu, wala si katika petali. Kwa hiyo mchumaji hulikwanyua ua kwa vidole, akaacha kikonyo shambani, kisha maua huanikwa yakauke kabla ya kupelekwa kiwandani. Mdudu akiguswa na sumu hiyo, mishipa yake ya fahamu hushindwa kuzima ishara iliyokwisha kuwaka, naye huanguka akitetemeka.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyotawala soko. Vita vilipokata biashara hiyo, majeshi ya Washirika yaliyosumbuliwa na mbu yaliitegemea Kenya. Baada ya 1945 ilikuja DDT, na mwaka 1973 ikatangazwa permethrini, sumu ya maabara iliyoundwa kwa kuiga pairethrini lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Pairethrini asilia huvunjika kwa saa chache juani, jambo ambalo wauza dawa waliliona kuwa kasoro, ilhali kwa mkulima wa mboga anayekaribia kuvuna ni fadhila kubwa, mradi anyunyizie jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani, maana nao huwaua.

Hata hivyo, kuilaumu maabara peke yake kwa anguko la pareto ya Kenya ni kuwaonea wakulima wadogo, ambao waliingia kwa wingi katika kilimo hicho tangu miaka ya 1950 na ambao, malipo ya maua yao yalipocheleweshwa miezi mingi kuanzia mwishoni mwa karne iliyopita, waling'oa mashina na kupanda viazi. Soko lenyewe halikufa: kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kilipanua mashamba yake yanayovunwa kwa mashine hadi kikashika nafasi ya kwanza duniani, na Tanzania, ambayo maua yake ya Nyanda za Juu Kusini husindikwa Mafinga, ikaipita Kenya.