Mabweni ya Aprili

Kila Aprili, shule za bweni nchini Kenya zinapofunga muhula wa kwanza, kuna shule chache ambazo hazipati likizo. Wanafunzi wenyewe hubeba masanduku wakaenda makwao, na kabla vumbi halijatulia mabasi ya wageni yanaingia langoni. Zinashushwa ngoma, ngao, mapazia na mabegi ya maleba. Tamasha la kitaifa la drama limefika, na mwenyeji ana siku kadhaa za kulaza na kulisha watoto asiowajua.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa hivi. Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, enzi za ukoloni, na makao yake yakawa Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1952. Walimu wa Kiingereza ndio waliolisimamia, na waamuzi walikuwa Wazungu. Michezo ya Kiingereza ndiyo iliyotawala, na matamshi ya mwigizaji yalipimwa kwa makini sawa na uigizaji wake. Shule ya mbali iliyotaka kushindana ililazimika kuufuata mji mkuu.

Waliothibitisha kwamba tamthilia inaweza kusafiri ni wanachuo. Mwaka 1965 kundi la kuzunguka la Chuo Kikuu cha Makerere lilianza safari za Uganda na Kenya likiigiza bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha kundi lake la namna hiyo mwaka 1974. Kumbi za shule na viwanja vya wazi vikageuka majukwaa. Ilibainika kwamba ukumbi usio na pazia wala taa za rangi unatosha, mradi watu wapo.

Katika miaka hiyo ya 1970 usimamizi wa tamasha la shule nao ulipita mikononi mwa Wakenya. Wasambo Were, mwandishi na mkaguzi katika Wizara ya Elimu, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuliongoza. Michezo iliyotungwa na walimu wa Kenya ikashika nafasi ya ile ya kuazima. Kiswahili kikapata nguvu. Ngoma za kitamaduni, mashairi na masimulizi yakaongezwa. Tamasha likatoka Nairobi, likawa la kuzungushwa kutoka mkoa hadi mkoa. Hapo ndipo kazi ya kupokea wageni ilipozaliwa.

Kazi hiyo ina mpangilio wake. Likizo ndiyo inayoyaacha mabweni wazi, kwa hiyo tarehe hupangwa kuifuata. Shule mwenyeji hutoa ukumbi, na mara nyingi bwalo la chakula huwa jukwaa la pili. Wageni wanaozidi nafasi hugawiwa shule za jirani: wasichana kwao, wavulana kwao, kila kundi na mwalimu wake. Wapishi huamka alfajiri kusonga ugali wa mamia ya watu, maana kikundi kilichopangwa kuigiza asubuhi hakiwezi kupanda jukwaani na njaa. Usiku madarasa hugeuka vyumba vya mazoezi. Mwalimu wa drama husukuma madawati ukutani, akachora mipaka ya jukwaa kwa chaki sakafuni, watoto wakarudia onyesho hadi sauti zikauke.

Faida yake haionekani katika orodha ya washindi. Mtoto wa Pwani aliyekulia kwenye chakacha hukaa benchi moja na mwenzake wa Kakamega anayepiga isukuti, na kila mmoja huona ngoma ya mwenzake kabla ya kuisoma kitabuni. Wenyeji wa mji nao hujazana ukumbini. Wengi wao hawajawahi kuingia jumba la michezo ya kuigiza, na kwao tamasha hili ndilo jumba lenyewe.

Kwa kuwa sauti ya jukwaa hilo huwafikia watu wengi hivyo, serikali imekuwa ikiliangalia tamasha kwa jicho la tahadhari. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere, "Shackles of Doom", ulizuiwa kwa madai kwamba ungechochea ukabila. Mahakama Kuu ikaamuru uigizwe. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika Nakuru na "Echoes of War", tena kwa amri ya mahakama. Mwandishi wake, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikamatwa mkesha wa onyesho alipojaribu kuwafikia wanafunzi. Polisi walifyatua vitoa machozi kuwatawanya raia na waandishi wa habari. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana walipanda jukwaani bila Malala na bila watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka.

Kwa miongo kadhaa shule mwenyeji zimetoa kitanda, sahani na ukumbi, na mara nyingi zimevitoa kwa ukarimu. Lakini mwigizaji aliyealikwa ana haki pia ya kutazamwa, na hiyo haimo katika uwezo wa mwalimu mkuu wala wapishi wake. Imo mikononi mwa wizara inayoandaa tamasha, na Nakuru wizara hiyo ilishindwa kuilinda.