Mwanzi, Faibaglasi na Kaboni: Nani Hakimu wa Ufito?

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu darasa la pili na sijawahi kugombana nayo. Leo, ndugu msomaji, nataka tugombane nayo kidogo, tena kwa ajili ya kitu ambacho wengi wetu hapa mjini hatujakishika hata siku moja: ufito wa kuvulia samaki kwa nzi bandia.

Najua utaguna. Ufito tu? Ndiyo, ufito tu. Lakini ufito wa aina hii, ukitoka kwenye kampuni zenye majina makubwa, siku hizi unauzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kwa bei hiyo kijana wa bodaboda anakaribia kupata pikipiki mpya. Basi lazima tuulize: anayetoa fedha zote hizo ananunua nini hasa? Na atajuaje kama amenunua kitu cha kudumu au amenunua mng'aro? Mimi nina sababu yangu ya nyumbani ya kuuliza hivyo, na nitaifikia. Kwanza tuelewane juu ya kazi ya ufito wenyewe.

Mvuvi wa kawaida hufunga chambo na kipande cha risasi, akarusha, na uzito wa risasi ukavuta mshipi. Mvuvi wa nzi hana risasi. Chambo chake ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, nyepesi hata ukiipuliza inaruka. Kitu kama hicho huwezi kukirusha. Kinachorushwa ni mshipi, ambao umetengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Mvuvi anaupeleka nyuma, ufito unapinda; anausukuma mbele na kusimamisha mkono ghafla, ufito unanyooka na kuutema mshipi juu ya maji. Kwa hiyo ufito ni upinde. Kazi yake ni kupokea nguvu, kuiweka, kisha kuirudisha bila kupoteza nyingi. Ukirudisha polepole, mshipi unaanguka kama kamba ya kuanikia nguo. Ukitikisika sana baada ya kunyooka, mshipi nao unatikisika na samaki anakimbia.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa tazama jinsi watu walivyohangaika kuipata.

Mwaka 1496 huko Westminster, Uingereza, mpiga chapa Wynkyn de Worde alitoa maandishi juu ya uvuvi wa ndoana ambayo kwa karne nyingi yamenasibishwa na mtawa aitwaye Juliana Berners. Mle ndani msomaji anafundishwa kukata mti, kuupasha moto ndani ya tanuri, kuunyoosha, kuukausha na kuutoboa kwa chuma cha moto. Hakuna duka wala jina la kampuni. Anayevua ndiye aliyetengeneza, na ukivunjika anajua pa kuanzia. Baadaye Waingereza walipenda mti mgumu uitwao grinihati, kutoka Guyana. Ulikuwa imara lakini mzito. Kuurusha kutwa nzima si mchezo.

Mwanzi ndio uliobadilisha mambo. Katikati ya karne ya 19, fundi bunduki mmoja wa Easton, Pennsylvania, aitwaye Samuel Phillippe, ambaye pia alitengeneza fidla, alikuwa miongoni mwa wa kwanza Marekani kupasua mwanzi na kuunganisha vipande vyake kwa gundi. Kwa nini kupasua? Kwa sababu nguvu ya mwanzi iko kwenye ganda la nje, huku ndani ni utupu na nyama laini. Ukiupasua vipande vyembamba, ukavichonga pembetatu na kuvigandisha sita pamoja, unapata ufito usio na utupu, ganda gumu likiwa nje pande zote. Katika miaka ya 1870 Hiram Leonard wa Bangor, Maine, alitumia mashine ya kuchonga vipande hivyo, na mashine hiyo aliifanya siri kubwa. Fikiria, siri ya kuchonga mwanzi!

Mwanzi uliokuja kupendwa kuliko yote ulitoka Guangdong, kusini mwa China, ukauzwa kwa jina la Tonkin. Mwaka 1931 mtaalamu wa mimea Floyd McClure, aliyekuwa akifundisha huko Canton, aliupa jina la Kilatini lenye neno amabilis, yaani wa kupendeka. Mtaalamu wa mimea kuita jani wa kupendeka! Nadhani naye aliushika mkononi.

Lakini mwanzi una maradhi yake. Ukiuacha na unyevu, gundi ya zamani inaachia na vipande vinafunguka. Ukipigana na samaki mkubwa kwa upande mmoja kila siku, ufito unabaki umepinda, haunyooki tena. Na kila mmoja unachukua saa nyingi za fundi.

Halafu ikaja siasa. Desemba 1950, kwa sababu ya vita vya Korea, Marekani ilipiga marufuku biashara na China. Mianzi ya Guangdong ikakwama huko huko kwa miaka kama 20. Kwa bahati, faibaglasi ilikuwa imeshaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Shakespeare (si yule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi, huyu ni wa Kalamazoo, Michigan) ilikuwa ikiuza fito za nyuzi za kioo zilizobuniwa na Arthur Howald. Faibaglasi haiozi, haiachii gundi, na hata ukiikalia mara nyingi inakusamehe. Kasoro yake ni uvivu: inapinda sana na kurudi taratibu. Hata hivyo iliuzwa kwa bei ndogo, na mtu wa kawaida kwa mara ya kwanza akaweza kuvua kama tajiri.

Mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ikatoa fito za kaboni. Nyuzi za kaboni zenye nguvu zilikuwa zimeendelezwa katika miaka ya 1960 kwenye taasisi ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa ndege, huko Farnborough. Kumbe kitu kilichotafutwa kwa ajili ya ndege kikaishia kuwakimbiza samaki! Ufito wa kaboni wa futi tisa unaweza kuwa chini ya gramu 100. Unanyooka haraka na kutulia haraka. Kwa kazi ile niliyoieleza juu, mwanzi na faibaglasi zimeachwa nyuma, tusidanganyane.

Ila kaboni nayo huvunjika kwa namna yake. Mwanzi hukuonya: unapinda, unalia, gundi inaonyesha ufa. Kaboni haionyi. Nzi mwenye kichwa cha shaba akiugonga ufito wakati wa kurusha, anaacha jeraha ambalo jicho halilioni. Wiki tatu baadaye ufito unakatika mbele ya samaki mdogo na mwenyewe anamlaumu fundi. Inua ufito wima kupita kiasi samaki akiwa karibu na miguu yako, na mkunjo wote unakwenda kwenye ncha nyembamba: pa! Na kuna fito nyingi ambazo hazikufia mtoni kabisa. Zilibanwa na mlango wa gari.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Orvis ya Vermont, iliyoanzishwa mwaka 1856, ilitangaza dhamana ya miaka 25: ukivunjika kwa sababu yoyote, wanakutengenezea au kukupa mwingine. Wengine nao wakafuata. Ni jambo zuri kwa mnunuzi, sikatai. Lakini piga hesabu. Kama kampuni inajua fito kadhaa zitarudi zimevunjika, gharama ya zile zitakazorudi inaingia kwenye bei ya wote. Mteja mwangalifu anamlipia mwenye kubana mlango. Tena uimara umehama: hauko tena kwenye ufito, uko kwenye kampuni na posta. Kampuni ikifungwa, au wewe ukiwa mbali na posta yake, una nini mkononi?

Basi tutapimaje? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mmarekani William Hanneman alichoshwa na maneno ya wauzaji, "wa haraka", "wenye nguvu", "wa daraja la tano", ambayo kila kampuni ilijitafsiria yenyewe. Akatoa njia ya mtu maskini. Ulaze ufito, uubane kwenye mpini, utundike mfuko mdogo kwenye ncha, kisha utie senti moja moja mpaka ncha ishuke kwa theluthi ya urefu wa ufito. Hesabu senti. Basi! Ufito wa dola 1,000 unapewa cheo chake na vijisarafu ambavyo hata ombaomba wa kule haviinami kuviokota. Mimi nimeipenda njia hii kuliko matangazo yote niliyosoma, maana haiulizi bei wala jina.

Sasa ile sababu yangu ya nyumbani.

Sisi kwetu ni Nyeri, si mbali na mto Gura. Katika mto huo ndipo Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, alipopandikiza samaki trauti kutoka Uskoti mwaka 1905. Wazungu waliwataka samaki wa kwao katika maji yetu, na fito zikafuata samaki. Babu yangu aliwabebea vifaa. Mwaka 1963 mwajiri wake, mlowezi aliyekuwa akifunga virago, alimpa ufito wa mwanzi badala ya mshahara wa miezi mitatu, akamwambia kitu hiki kina thamani kuliko fedha. Babu hakuwa na leseni, rili wala mshipi wa kufaa. Akautungika darini, juu ya jiko.

Tangu hapo ukoo wetu una kambi mbili. Wajomba wanasema mzee alipewa mali. Mama na shangazi wanasema mzee alipunjwa mchana kweupe. Karibuni alikuja mnunuzi wa vitu vya kale akataja bei, na ugomvi ukawaka upya. Nikaomba wiki moja niupime.

Niliutazama kwanza kwa urefu, jicho likiwa kwenye mpini kama anayelenga bunduki. Ncha imepinda kidogo kushoto. Nikapitisha ukucha kwenye maungio ya vile vipande sita: pamefunguka mahali pamoja tu, upana wa kidole. Moshi na ukavu wa dari vimeuhifadhi kuliko kabati la kioo. Nikaubana mezani, nikatundika mfuko, nikatia sarafu mpaka ncha ikashuka theluthi. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu idadi ya sarafu ilikuwa ile ile. Mwisho nikaazima rili na mshipi kwa kijana anayewaongoza watalii, nikarusha uwanjani. Hatua 15 mshipi unanyooka vizuri, taratibu, kama mzee anayesalimia. Zaidi ya hapo unachoka.

Nikawaambia wazee hukumu yangu. Ufito ni mzuri, fundi wake alijua kazi, na ukipata gundi na uzi unaweza kuvua miaka mingine 60. Hapo wajomba wakapiga makofi. Nikaongeza: lakini miezi ile mitatu mwaka 1963 watoto walikula nini? Ubora wa kifaa na uhalali wa malipo ni kesi mbili, na mlowezi alizichanganya makusudi. Hapo wajomba wakanyamaza, shangazi akacheka. Ufito haukuuzwa.

Kutokana na hayo yote najenga hoja yangu. Utendaji wa ufito unaweza kuuona dukani kwa dakika kumi, na ndiyo maana maduka yanauza utendaji. Uimara hauonekani dukani. Uimara ni mambo matatu: kitu kinavunjika vipi, kinakuonya au hakikuonyi, na ni nani karibu nawe anayejua kukitengeneza. Kwa swali la kwanza na la pili kaboni inashindwa na mwanzi, hata kama inaushinda kwa kila kitu kingine. Kwa swali la tatu, jibu linategemea unaishi wapi. Kwa mtu wa Vermont, dhamana ni uimara. Kwa mtu wa Othaya, uimara ni gundi, uzi, na mikono inayojua.

Na mikono hiyo si kwamba hatuna. Kenya inasafirisha nzi bandia waliofungwa kwa mkono kwenda Ulaya na Marekani. Kwenye ncha ya ufito mwingi wa dola 1,000 ananing'inia nzi aliyefungwa na kijana wa hapa kwetu, fundo baada ya fundo. Huyo kijana anajua manyoya yapi yanashika na uzi upi unakatika. Angeulizwa juu ya ufito, ningesikiliza jibu lake kabla ya lile la muuzaji.

Kwa hiyo methali yetu ina kasoro. Kizuri chajiuza, sawa. Lakini hata kile kinachong'aa tu nacho chajiuza, na huuzwa haraka zaidi. Kama una simu, baiskeli au viatu vya mtumba, jaribu maswali yale matatu kabla ya kutoa pesa. Na kama una hoja ya kuipinga yangu, kalamu unayo na kurasa hizi ni zetu sote. Andika tukusome.