Ganzi Ikiisha, Mtoto Anaambiwa "Kira"

Wasee, leo tuongee kuhusu ganzi, ile sindano ya kwa daktari wa meno. Watu wa umri wetu wanaichukulia kama kitu kimekuwepo tangu Gikuyu na Mumbi. Wapi!

Cucu wangu alikuwa mtoto huku Mukurwe-ini miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari. Jino la utoto likilegea, ni uzi. Gego likioza, ni koleo na watu wawili wa kukushika. Ukilia unaambiwa "kira", nyamaza.

Na dawa ilikuwepo duniani, tena kitambo. Desemba 1844 huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya kuchekesha, akang'olewa jino lake mwenyewe bila uchungu. Mwezi uliofuata akaenda kuionyesha Boston, mgonjwa akapiga kelele, watu wakamzomea. William Morton, naye wa meno, akafaulu na etha mji huo huo Oktoba 1846. Yaani wapasuaji walifunzwa kuzima maumivu na wang'oa meno! Sindano ikafuata: kokeini 1884 (ndiyo, ile ile), baadaye prokeini, halafu mwaka wa 1943 Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wa Sweden wakapata lidokeini. Lundqvist alijidunga mwenyewe kuijaribu. Ikaanza kuuzwa 1948, na mpaka leo ndiyo inatumika sana. Cucu alikuwa hai tayari. Haikumfikia tu.

Sasa hapa ndipo nina maneno. Historia yote hiyo ni ya dakika za pale kitini. Na baadaye je? Mdomo unaweza kukaa na ganzi masaa mawili, matatu, hata zaidi. Binamu yangu wa miaka 6 aling'olewa gego mwaka jana, akapewa pamba aume, akapandishwa matatu. Mama yake hakuelezwa chochote. Njiani mtoto akawa anatafuna mdomo wake kama chingamu, kwa sababu hasikii. Usiku ganzi ikaisha, kilio kikaanza, na mnajua aliambiwa nini? Kira. Asubuhi mdomo umevimba, una kidonda cheupe, shangazi anatafuta antibiotiki akidhani ni usaha. Kumbe ni meno yake mwenyewe, na kidonda kama hicho kwa kawaida hupona chenyewe.

Maneno ambayo yangemsaidia shangazi hayajazi hata ukurasa. Asile mpaka ganzi iishe, na umwangalie asijitafune. Muulize daktari kipimo cha parasetamoli kulingana na uzito wake, umpe kabla maumivu hayajapanda. Aspirini usimpe mtoto. Siku hiyo uji uliopoa unatosha, githeri ingoje. Uvimbe ukizidi, akipata homa, au uchungu ukiongezeka badala ya kupungua, mrudishe.

Lundqvist alijidunga ili mtu asiteseke kitini. Sisi tunashindwa kuongea na mama dakika mbili kabla hajapanda gari?